Lipa Ukipokea katika Jamhuri ya Ahadia

Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Ahadia. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake iliagizwa zamani, ikalipiwa, na mpaka leo iko njiani. Ni nchi nzuri, yenye watu wapole na mvua za kutosha, na mimi sijapata kuona serikali inayowapenda wananchi wake kama ile. Inawapenda hivi kwamba inawatoza mapema, wasije wakazitumia pesa zao vibaya.

Huko Ahadia kulipa kulitangulia kila kitu. Mtu akitaka kabati, alilipa, akarudi nyumbani kusubiri. Wengine waliletewa kabati. Wengine waliletewa milango ya kabati na salamu nyingi. Bwana mmoja wa mji wa Mkunjo aliagiza jokofu akaletewa picha ya jokofu, kubwa, ya rangi, ndani ya fremu. Akaitundika jikoni. Wageni waliisifu sana, ila walikunywa maji ya moto.

Mwisho watu wakachoka kuagiza. Maduka yakakaa kimya, nzi wakatembea juu ya vioo bila kusumbuliwa. Ndipo Mzee Fumbwe, mwenye duka kubwa la Mkunjo, alipokaribia kufilisika akapata wazo la ajabu, wazo ambalo kwa Ahadia lilikuwa kama kusema jua lianze kuchomoza magharibi. Alibandika bango mlangoni: LIPA UKIPOKEA.

Watu walisoma, wakadhani mwandishi amekosea.

"Sijakosea," Mzee Fumbwe aliwaambia. "Piga simu, taja unachotaka. Nitakuletea mpaka mlangoni kwako. Fungua, angalia, papasa, nusa ukipenda. Ukiridhika, mlipe aliyekuletea. Usiporidhika, mzigo wangu unarudi dukani, na gharama ya safari ni juu yangu."

"Na ukituletea picha?" aliuliza yule bwana wa jokofu.

"Usilipe."

Bwana yule alikaa chini kwenye ngazi za duka, akaomba aelezwe tena, polepole.

*

Kazi ya kupeleka mizigo alipewa Sikudhani Matwiga, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na sauti ya kuamsha mtaa. Mzee Fumbwe alimkopesha pikipiki, alipe kidogo kidogo mpaka iwe yake, kisha akampa sheria moja tu.

"Mwanangu Sikudhani, ukirudi hapa uje na kimoja kati ya viwili: mzigo au pesa. Ukija mikono mitupu, pikipiki inabaki hapa, wewe unaondoka kwa miguu."

Sikudhani hakuogopa mbwa, mvua wala askari, lakini kuipoteza pikipiki ile aliogopa kweli. Kabla yake alikuwa akibeba mizigo ya watu kichwani, na shingo yake ilikuwa bado inakumbuka.

Basi akaanza. Na kwa kuwa watu wa Ahadia walikuwa hawajawahi kuaminiwa na mtu yeyote, mwanzoni hawakujua waifanyie nini imani ile. Kijana mmoja alijaribu suruali, akasema anataka aitazame vizuri kwenye mwanga, akatoka nayo hadi harusini. Sikudhani akamfuata, akakaa meza moja naye, akala pilau, akamsubiri. Mama mmoja alisema hawezi kulipa kwa sababu mume wake hayupo, na mume mwenyewe akapiga chafya chumbani. Mzee mwingine aliletewa redio, akaisikiliza taarifa ya habari yote mpaka michezo, kisha akasema haijampendeza, habari zake ni mbaya.

Sikudhani akajifunza. Alikuwa hakubali chai kabla ya malipo, na haachi kamba ya mzigo itoke mkononi mwake mpaka pesa iingie. Watu nao wakajifunza. Waliona kwamba kilichoagizwa ndicho kinachofika, wakaacha vituko, wakawa wanamsubiri barazani na pesa imekunjwa tayari. Duka likachangamka. Hata nzi walihama.

Shida ilikuwa moja: mto.

*

Mto Gumzo unaukata mji wa Mkunjo katikati. Nusu ya wateja wa Sikudhani walikaa ng'ambo, na ili kuwafikia ilimbidi apandishe pikipiki juu ya chelezo cha mapipa, kinachovutwa kwa kamba, huku akiomba dua. Mara moja kilipinduka. Pikipiki iliopolewa, lakini sufuria za Bi. Tunu, muuza dagaa wa ng'ambo, zilikwenda na maji, na Sikudhani alizilipa mwenyewe kwa miezi.

Msidhani serikali ilikuwa imewasahau. Hata kidogo! Daraja la Mkunjo lilikuwa limeshafunguliwa mara mbili, kwa ngoma na hotuba. Kulifungua hakukuwa na tatizo lolote. Kulijenga ndiko kulikokuwa bado. Kabla ya kila ufunguzi wananchi walitoa mchango wa daraja, na baada ya kila ufunguzi walipongezwa kwa uvumilivu.

Aliyelisimamia daraja hilo alikuwa Mheshimiwa Athanas Mbombwe, Waziri wa Ahadi na Mambo Yatakayofuata. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kicheko kizuri, na kwa kweli hakuwa na roho mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuona ahadi ikifanya kitu kingine zaidi ya kutolewa.

Ufunguzi wa tatu ulipopangwa, katibu wake, Bwana Selestini, alitambua kuwa ukingo wa mto una matope na viatu vya Mheshimiwa ni vyeupe. Akapiga simu kwa Mzee Fumbwe, akaagiza zulia jekundu, refu, zito, la kwanza kwa ubora.

"Lipa ukipokea," alisema Mzee Fumbwe.

"Bila shaka," alijibu Bwana Selestini, kwa sauti ya mtu ambaye husema bila shaka kwa kila jambo.

*

Sikudhani alilifikisha zulia asubuhi, limefungwa nyuma ya pikipiki kama gogo. Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Bwana Selestini akamwambia alitandike kwanza, waone kama linatosha. Sikudhani akaona ni haki. Mteja ana haki ya kuona. Akalitandika kutoka kwenye gari la Mheshimiwa, likapita jukwaani, hadi karibu na maji. Lilitosha. Mheshimiwa akashuka, akalikanyaga, akatabasamu, akafika kwenye kipaza sauti.

"Bwana mkubwa," Sikudhani alimnong'oneza Bwana Selestini, "umeliona, umeridhika. Hela yangu."

"Dada, serikali hailipi ikipokea. Serikali inapokea, inashukuru, kisha inapeleka suala kwenye kamati."

"Na kamati inakaa lini?"

"Kamati haijaundwa."

Sikudhani aliitazama pikipiki yake. Akilini alimwona Mzee Fumbwe mlangoni akisema mzigo au pesa. Akajiona anarudi kwa miguu, na kichwani ana gunia. Hakuwa na ugomvi wowote na serikali. Alitaka tu kuondoka na kimoja kati ya viwili. Akaenda kwenye ncha ya zulia iliyokuwa karibu na gari, akapiga magoti, akaanza kulikunja.

Mheshimiwa alikuwa amechangamka. "Ndugu wananchi! Wengine walisema tutakwama. Je, tumekwama?"

"Hatujakwama!" waliitikia watu, kwa mazoea.

"Tunasonga mbele!"

Wakati huo zulia lilikuwa limekunjwa hadi visigino vyake, na Sikudhani akasukuma kidogo. Mheshimiwa akapiga hatua. Sikudhani akasukuma tena. Mheshimiwa akapiga hatua nyingine, macho hayajatoka kwa wananchi, mdomo haujasimama. Umati ulidhani ni sehemu ya hotuba. Akashangiliwa. Akazidi kusonga mbele, akakipita kipaza sauti, akalipita jukwaa, na kwa maneno "hakuna kurudi nyuma" zulia likaisha. Mheshimiwa akashuka matopeni hadi kwenye soksi.

Sikudhani aliliweka zulia begani, akasema, "Samahani, Mheshimiwa," akaenda kulifunga kwenye pikipiki.

Bwana Selestini, akitaka kuiokoa siku, akainua ndoo ya michango juu. "Sasa, wananchi, tuingie kwenye jambo kubwa. Mchango wa daraja, awamu ya tatu!"

Bi. Tunu alikuwa mbele kabisa na ungo wake wa dagaa. Alimtazama Mheshimiwa matopeni. Alimtazama Sikudhani anakaza kamba.

"Tufungue kwanza," alisema.

"Mfungue nini, mama?"

"Mzigo. Hilo daraja. Tulione, tulikanyage, tukiridhika tutalipa hapa hapa. Mbona zulia limerudi dukani?"

Kwanza alicheka mtu mmoja. Kisha ukingo mzima wa mto ukacheka, kicheko kikavuka maji, wa ng'ambo nao wakacheka kabla hawajajua kuna nini. Halafu wakaanza kuimba, wakipiga makofi: "Lipa ukipokea! Lipa ukipokea!" Ndoo ilizungushwa, ikarudi kwa Bwana Selestini ikiwa na ganda la ndizi.

Sikudhani hakusikia hata neno. Alikuwa ameshawasha pikipiki.

*

Walimkamata dukani, akiwa bado anamweleza Mzee Fumbwe kwamba mzigo umerudi salama. Shitaka lake lilikuwa jipya, halijawahi kutumika: kukunja heshima ya serikali ingali imetandikwa.

Jioni ile Mheshimiwa Mbombwe alihutubia taifa redioni. Alisema kuona kabla ya kulipa ni utovu wa nidhamu ulioletwa na watu wasioitakia nchi mema. "Nawauliza, ndugu zangu: mkulima anaponunua mbegu, je, anayaona mavuno?"

Kote nchini wakulima walizitazama redio zao, wakajibu, "Hatuyaoni. Lakini mbegu tunaziona."

Kituo cha polisi cha Mkunjo kilimpokea Sikudhani kwa heshima zote. Taabu ilianza kesho yake, wakati wa chakula cha mchana. Mama lishe aliyewapikia askari alifika na masufuria yake, akasimama mlangoni, akafunua mfuniko ili harufu itoke, akaufunika tena.

"Mmeuona wali?" aliuliza.

"Tumeuona," walisema askari.

"Mmeridhika?"

"Sana, mama."

"Basi lipeni."

Askari wakatazamana. Walikuwa wanakula kwa ahadi tangu waajiriwe, kwa kuwa nao walikuwa wanalipwa kwa ahadi. Mama lishe akabeba masufuria, akaondoka. Baadaye Bi. Tunu alimletea Sikudhani ugali na dagaa, na Sikudhani, ambaye hakuweza kula huku watu wazima wanammezea mate, akawagawia wote. Walipomaliza, mkuu wa kituo alifuta mdomo akasema uchunguzi umeonyesha kwamba mshitakiwa ni mtu mwema.

"Naenda nyumbani?" Sikudhani aliuliza.

"Nenda, dada. Ila kesho pita tena, kama utakuwa na dagaa."

*

Ugonjwa ule ukaenea. Mji wa pili nao ulikataa mchango, wa tatu ukafuata. Fundi aliyemshonea Mheshimiwa suti aliileta hadi sebuleni, akamvalisha, akamgeuza mbele ya kioo, kisha akamvua. Msambazaji wa maua ya ikulu aliwanusisha wenyewe, akaondoka nayo. Rais wa Ahadia, mtu wa maneno machache, alimwita Mheshimiwa Mbombwe akamwambia, "Ugomvi huu umeanzia kwako. Hela ya Mkunjo iingie, au kiti chako kitoke."

Basi siku moja mchana Sikudhani akamwona waziri anaingia dukani peke yake, bila king'ora, na shati limemganda mgongoni. Aliogopa. Alijua safari hii hakuna dagaa wa kumwokoa.

"Mama, keti, sijaja kwa ubaya," alisema Mheshimiwa, naye akakaa juu ya gunia la sukari. "Hivi hiki kitu chenu kinakwendaje?"

"Kipi, Mheshimiwa?"

"Hiki cha kupokea na kulipa."

Sikudhani alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Unaleta. Wanaangalia. Wanalipa."

"Na wasipolipa?"

"Unarudi na mzigo wako."

"Nitarudi na daraja?"

"Hapo sijui, Mheshimiwa. Mimi sijawahi kubeba daraja."

Mheshimiwa akashusha pumzi. "Na gharama za kujenga kwanza, nani anatoa?"

Mzee Fumbwe, aliyekuwa amejificha nyuma ya rafu ya sabuni, alikohoa. "Muuzaji, Mheshimiwa. Mimi naingiza bidhaa kwa mtaji wangu. Natangulia kuumia, ndiyo maana wananiamini."

"Ile michango ya mwanzo…" Mheshimiwa alianza. Kwa bahati njema, na mimi hupenda kuiona bahati ikiwasaidia viongozi wetu, Mheshimiwa alikuwa na nyumba ya mapumziko milimani, na thamani yake ilikaribiana sana na ya daraja. Ilikaribiana kiasi cha kushangaza. Akaiweka rehani benki, akaita mafundi.

Nondo zikaja. Saruji ikaja, na ilikuwa saruji. Watu wa Mkunjo walikwenda kila siku kutazama, wamekaa ukingoni kama wanaangalia mpira. Mheshimiwa naye alikuja, mwanzoni kwa sababu ya rehani, baadaye, nasikia, kwa sababu alipenda. Alikuwa hajawahi kuona kitu chake kikipanda juu.

*

Siku ya kupokea ilipofika, wananchi walikikagua kila kiungo. Mafundi seremala waligonga kingo, wachungaji wakapitisha ng'ombe, na Bi. Tunu alijitwisha ungo, akafika katikati ya daraja, akaruka mara kadhaa kwa nguvu zake zote. Chuma kimoja cha kushikilia kikacheza.

"Hatupokei," alisema.

Mheshimiwa hakubishana. Akawaita mafundi, chuma kikachomelewa upya huku yeye mwenyewe amewashikia ngazi. Bi. Tunu akarudi, akaruka tena, akatikisa kila kitu kinachotikisika. Akanyoosha kidole gumba juu.

"Wananchi!" alipaza sauti. "Mzigo umefika, na ni wenyewe!"

Walimteua Sikudhani akusanye malipo, kwa sababu mkono wake walishauzoea. Akashika kapu. Na watu wa Mkunjo, waliokaa miaka wakidaiwa, wakafurahi kwamba sasa wanalipa. Walisukumana. Walikimbia, ngumi juu, noti ndani ya ngumi, wakipiga kelele: "Pokea! Pokea! Mheshimiwa, pokea!"

Mheshimiwa Mbombwe alikuwa amesimama mwanzoni mwa daraja. Aliinua macho akaona mji mzima unamjia mbio, ngumi hewani. Katika maisha yake yote ya utumishi alikuwa hajawahi kuona watu wakikimbilia kulipa. Alijua maana moja tu ya umati wa namna ile.

Akageuka, akakimbia.

Nani angedhani mtu mnene anaweza kukimbia vile? Akalipita daraja zima viatu vikimtoka, akaufikia utepe uliokuwa umefungwa mwisho wa daraja kwa ajili ya sherehe, akaukata kwa tumbo. Hivyo ndivyo daraja la Mkunjo lilivyofunguliwa. Bwana Selestini alibaki ameshika mkasi.

Sikudhani aliona mtu anatoroka kabla hajalipwa, jambo ambalo kazini kwake ni aibu kubwa. Akaliweka kapu juu ya tangi, akawasha pikipiki. "Mheshimiwa! Simama! Hujalipwa!"

"Nilikuwa natekeleza maagizo!" Mheshimiwa alipiga kelele bila kugeuka.

Alimpata karibu na mashamba ya mpunga, amekaa chini, soksi mbichi, mikono juu ya kichwa. Akazima pikipiki, akamwekea kapu mbele yake.

"Ni hela yako, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alifungua jicho moja. Akaingiza mkono kwenye kapu kama anayepima maji ya kuoga. "Wametoa wenyewe?"

"Wenyewe."

"Bila askari?"

"Askari nao wametoa. Bi. Tunu ameongeza ya soda, anasema umekimbia vizuri."

Mheshimiwa akacheka, kile kicheko chake kizuri, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa tai. Akakaa pale kwa muda, analitazama daraja kwa mbali, watu wanapita juu yake kwenda na kurudi bila sababu yoyote, wanapita tu. Kisha uso ukambadilika, kama mtu aliyekumbuka kaacha chungu jikoni.

"Mama Sikudhani," alisema polepole. "Hivi niliwahi kuwafungulia zahanati?"

"Uliwahi, Mheshimiwa. Ina ukuta mmoja."

"Na mlilipa?"

"Tulilipa kabla."

Mheshimiwa Mbombwe alilitazama kapu. Akaitazama pikipiki, matairi yake, kiti chake kirefu cha nyuma.

"Hii inabeba saruji?" aliuliza.

"Mifuko miwili," alisema Sikudhani, "ukikaa vizuri."